Nilichagua Kitabu Kisafi

Siku hizi watu wanatoa shikamoo macho yakiwa kwenye simu. Binti mmoja mwenye duka la kuchajia simu, jirani na soko la Kilosa, yeye akiniamkia ananitazama usoni. Ndiyo maana napeleka simu yangu kwake hata ikiwa bado ina chaji. Mwezi uliopita nilimkuta ameweka vitabu viwili juu ya meza, anafunua hiki, anafunga, anafunua kile. Anasoma chuo, mambo ya kompyuta. Aliniambia anataka kujifunza kuandika programu za hifadhidata, na katika vitabu viwili hivyo alivyoazimwa avitazame, atabaki na kimoja.

"Hifadhidata ndiyo nini, mama?"

"Ni kama ghala la habari, babu. Unaweka habari za vitu elfu, halafu unauliza, nipe vyekundu tu. Inakutolea vyekundu, vingine vinabaki."

"Hiyo naijua. Nimeifanya kwa shazia."

Akacheka. "Shazia hii ya kushonea magunia?"

"Hiyo hiyo."

"Basi fundi, nichagulie kitabu."

Sikumchagulia. Nilimwambia nitafikiri. Nikarudi nyumbani, na kwa kuwa nyumbani kwangu hakuna wa kunikatiza, nilifikiri siku nyingi. Hapa nimeandika niliyoyafikiri, kwa mkono wangu, na msomaji atanivumilia nikipotea njia, maana shule niliishia darasa la tatu na tangu hapo nimesoma kwa kuchungulia.

Nianze na hilo darasa la tatu, kwa sababu kosa langu lilizaliwa kule. Ilikuwa shule ya misheni, milimani kwetu. Vitabu vilikuwa vichache, watoto watatu kitabu kimoja, na mwalimu wetu alivishika kama mtu anavyoshika sahani ya sadaka. Siku moja nikachora mbuzi pembeni mwa ukurasa. Mbuzi mzuri tu, mwenye ndevu. Nilichapwa viboko sita mbele ya wenzangu, na mwalimu akasema mtu anayeandika ndani ya kitabu ni sawa na anayetema mate ndani ya chungu cha watu. Viboko vilipoa. Neno lile halikupoa. Hadi nimekuwa mtu mzima mwenye mke, nikiona kitabu kina penseli pembeni nilikuwa nageuza uso.

Uhuru ulinikuta nabeba magunia ya mkonge. Azimio likanikuta nabeba magunia ya mbegu. Gunia lenyewe halikubadilika uzito, ila siku hizo tulibeba huku tunaitana ndugu, na hilo lilikuwa jambo, msicheke. Ghala lilikuwa hapa Kilosa, na jina lake sitalitaja kwa sababu halikufanya kosa lolote. Mimi ndiye niliyefanya. Nilikuwa nalala chumba cha nyuma ya ghala hilo, mimi na panya na harufu ya dawa ya fukusi. Mke wangu alikuwa milimani kwenye shamba letu. Nilimwona Krismasi na Pasaka, na nikibahatika, wakati wa kuvuna. Mtoto Mungu hakutupa. Watu walikuwa wakisema treni inawasumbua kwa kelele. Mimi treni ilikuwa mgeni wangu, nilijua saa zake kama mtu anavyojua saa za baba yake kurudi.

Basi akaja mtaalamu mmoja kutoka nje ya nchi, akaleta sanduku la kadi. Kila aina ya mbegu ilikuwa na kadi yake, na pembeni mwa kadi, kuizunguka yote, kulikuwa na vitundu vilivyopangwa kama shanga. Kila kitundu kilikuwa swali. Cha kwanza, je, ni mahindi. Cha pili, je, ni mtama. Kitundu cha saba kiliuliza, je, inakomaa mapema. Maswali yote yalibandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku kwa Kiswahili. Kadi nyingine vitundu vyake vilikuwa vizima, nyingine baadhi vilikatwa kwa mkasi hadi ukingoni, vikabaki mapengo kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno. Ukitaka kuuliza swali unapanga kadi zote pamoja, unapitisha shazia katika kitundu cha swali lako, unainua, unatikisa. Kadi nyingine zinaanguka mezani, nyingine zinabaki zinaning'inia.

Hayo niliyaona kwa mbali, kupitia mlango. Kazi yangu ilikuwa kungoja nje nipewe kikaratasi chenye namba za magunia, niende nikayavute. Namba nilizijua zote. Kadi sikuzigusa.

Mtaalamu akamaliza muda wake akaondoka. Karani wake akahamishwa. Mkuu wa ghala akaniita.

"Wewe unasoma?"

"Nasoma pole pole, mzee."

"Pole pole ni nzuri, anayesoma haraka ameomba uhamisho. Utazishika hizi kadi. Masika yakifika vijiji vitaomba mbegu, nataka ukiulizwa ujibu. Ukishindwa, tunarudi kwenye daftari na wewe unarudi kwenye magunia."

Kurudi kwenye magunia kusingeniua. Kilichonishika ni barua iliyokuja wiki ile ile. Wakati ule watu walikuwa wanahamishiwa vijijini, na wa upande wetu waliteremshwa kutoka mlimani wakapelekwa bondeni, upande wa Mikumi. Mke wangu alihamishwa nao. Kule akaingia kisomo cha watu wazima, na barua hii ndiyo ilikuwa ya kwanza kuandika kwa mkono wake mwenyewe. Herufi kubwa kubwa, zimesimama moja moja kama watu wasiojuana. Nimeisoma mara nyingi hata naweza kuisema bila kuitazama:

"Mume wangu salamu. Huku mvua inakuja kwa kishindo inaondoka bila kuaga. Mahindi yetu ya mlimani yanachelewa hayawezi. Mwenyekiti ameomba mbegu huko kwenu. Angalia kwa macho yako tupate ya haraka. Tukikosa kuvuna nitakwenda kwa kaka yangu Ruaha sitakaa na njaa peke yangu."

Niliisoma nimesimama, nikaikunja, nikaisoma tena. Sikuwa nimejua kwamba anaweza kuandika. Wala sikuwa nimejua kwamba anaweza kuondoka.

Basi nikaenda kutafuta kitabu.

Jumamosi pale sokoni alikuwapo mama mmoja, mjane wa mwalimu aliyekuwa akifundisha makarani. Alikuwa Mluguru, mimi mtu wa milima ya huku, kwa hiyo mtani wangu. Alikuwa anauza vitumbua, na kando ya vitumbua sanduku la bati lenye vitabu vya marehemu.

"Mama mwalimu, nataka kitabu cha kufundisha kazi za kadi."

"Mtani, wewe na kitabu? Tangu lini punda akauliza njia ya shule?"

"Tangu alipochoka kubeba mzigo wa Waluguru."

"Haya, tafuta. Ila usilambe kidole ukifunua, mikono yako ina dawa ya panya, utakufa hapa watu waache kununua vitumbua vyangu."

Vilikuwa vitatu. Kimoja kinene cha Kiingereza, hicho nikakirudisha haraka kabla hakijaniaibisha. Viwili vilikuwa vya Kiswahili, vile vilivyopigwa chapa kwa stensili kwa ajili ya mafunzo ya makarani. Kimoja kilikuwa kisafi, kurasa nyeupe, michoro mizuri, mkono umeshika sindano, kila kidole kimechorwa hadi kucha. Cha pili kilikuwa kichafu. Alama za vidole gumba tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, doa la chai, na penseli kila mahali, pembeni, juu, katikati ya mistari. Kila sura iliishia na mazoezi, na majibu yake yalikuwa nyuma, na mtu alikuwa ameyafanya yote, mengine akayafuta akayarudia.

Nikakifunga. Viboko sita vikanirudia mgongoni.

"Hiki kimeharibiwa," nikasema.

"Kimesomwa," mama mwalimu akasema. "Marehemu alikuwa anakipenda hicho."

"Nipe kisafi."

"Unachagua kitabu au unachagua shuka?"

Binti wa simu, kama utasoma haya, hapa ndipo ninapokujibu. Tazama kitabu kama unavyotazama kinu. Kinu kisafi ni kile ambacho hakuna aliyepata unga ndani yake. Kile kitabu changu kisafi kilikuwa na alama za vidole kurasa kumi za mwanzo tu, baada ya hapo kweupe. Maana yake mtu alikianza akaishia pale, na mimi niliuona ule weupe nikadhani ni uzuri. Nenda katikati ya kitabu. Tazama kama kinakupa kitu cha kufanya kwa mkono wako, na kama kina majibu ili ujue umekosea wapi. Na tazama kama mwandishi wake anakumbuka siku ambayo yeye mwenyewe hakuwa anajua.

Bei yangu ilikuwa kumbebea mama mwalimu sanduku lake hadi nyumbani. Nililibeba na kile kitabu kichafu kikiwa ndani yake.

Wiki nne nilisoma kitabu kisafi. Nikijipikia ugali nakiegemeza kwenye chungu. Nilijua kushika shazia, nilijua kusawazisha kadi kwa kuzigonga mezani. Na penye jambo lenyewe kiliandika hivi: "Inua sindano, tikisa kwa upole, na kadi zitajitenga." Basi. Zitajitenga. Zipi ndizo jibu, zilizoanguka au zilizobaki, hakikusema. Aliyeandika alikuwa anajua, na anayejua hufikiri kila mtu anajua.

Mimi sikuona kwamba pana swali. Nimekulia kwenye ungo. Mama yangu alipepeta, bibi yangu alipepeta, mke wangu anapepeta. Unatikisa, kinachoruka na kuanguka chini ni pumba, chakula kinabaki mkononi mwako. Halafu tazama na lile pengo. Miaka yote ghalani nilifundishwa kwamba punje yenye tobo imeliwa na fukusi, itoe. Kadi yenye kitundu kizima na kadi iliyokatwa, wewe mtu wa mbegu ungeishika ipi? Kitundu cha kwanza na cha pili sikuvisumbua. Kadi zilikuwa nyingi, nikazipangua kwa kutazama majina, mahindi huku, mtama kule, nikajiona mjanja. Nikachukua za mahindi, nikapitisha shazia katika kitundu cha saba, kile cha kukomaa mapema, nikatikisa. Zilizoanguka nikazisukuma pembeni kwa mgongo wa mkono, kama pumba. Zilizobaki nikazibusu. Kweli kabisa, nilizibusu. Nikaandika namba, nikayavuta magunia mwenyewe, nikayapandisha mwenyewe kwenye lori la Mikumi, na gunia moja nikalifunga kwa kamba nyekundu ili mke wangu ajue limepita mikononi mwangu.

Hayo yalikuwa mwishoni mwa Februari. Mkuu wa ghala akaniita karani mbele za watu.

Aprili, mvua ikiwa inanyesha vizuri, nikapita sokoni. Mama mwalimu akanitupia kile kitabu kichafu.

"Chukua, mtani. Bure. Usipochukua leo nakichana nafungia vitumbua."

Nilikichukua kwa ajili ya kukihurumia. Nikakaa juu ya gunia mlangoni mwa ghala, nikakifungua penye kazi ya sindano. Pembeni mwa ukurasa, kwa penseli, mtu alikuwa ameandika: "Zinazoanguka ndizo. Mimi nilichukua zilizobaki nikaaibika."

Nilikaa pale mvua inanilowesha miguu. Halafu nikaingia ndani. Kulikuwa na mahindi ya aina moja ambayo nilijua kwa macho yangu kwamba hukomaa haraka, tulikuwa tunayapanda nyuma ya ghala. Nikatafuta kadi yake. Kitundu cha saba kilikuwa kimekatwa. Nikaipanga na nyingine, nikapitisha shazia, nikatikisa. Ikaanguka ya kwanza.

Nikapanda treni kwenda Mikumi. Kutoka stesheni hadi kijijini ilikuwa mwendo wa miguu, na siku zile unatembea huku unapiga bati ili tembo wajue unapita. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nitamwambia mwenyekiti kwanza. Hapana, nitamwambia mke wangu kwanza. Nitasema, nimekosea, yang'oeni.

Nikafika, nikayaona mahindi. Nimekaa na mbegu maisha yangu yote, sijaona mahindi mazuri vile. Yalikuwa yamenizidi kimo, meusi kwa ukijani, majani mapana kama mikeka. Mahindi ya kuchelewa ndivyo yalivyo, yanajenga mwili kwanza, hayana haraka, yanategemea mvua itayangoja. Mwenyekiti akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Wazee wakasema huyu ndiye mkwe. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Wakachinja kuku.

Mke wangu alinimiminia maji ya kunawa. Alikuwa anacheka. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Kamba nyekundu niliiona."

Nilinawa. Nikala yule kuku. Nilipewa firigisi, nikala firigisi. Na kila tonge nilikuwa nasema, nikimeza hili nitasema. Sikuwahi katika maisha yangu kukaa mahali ambapo watu wote wamefurahi kwa sababu mimi nimefika. Nilikuwa sijawahi, na niliona nikifungua mdomo furaha ile itaondoka. Tena nikajidanganya, labda mwaka huu mvua itakaa. Kesho yake nikarudi Kilosa sijasema.

Mvua iliondoka Mei, bila kuaga, kama alivyoandika. Mahindi yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele.

Nilikwenda tena kwenye kipupwe. Mashamba yalikuwa makavu, mabua marefu yamesimama hayana kitu, upepo unayapigisha kelele. Nilimkuta mke wangu amefunga vyombo kwenye kitenge. Sikuwa na kuku wa kunizuia sasa, nikamweleza yote, kadi, ungo, kitabu kisafi, penseli. Alisikiliza amesimama. Alipomaliza kusikiliza aliuliza jambo moja.

"Siku ile unakula kuku, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Udongo ulikuwa bado una maji."

"Ndiyo."

"Tungepanda mtama siku ile ile. Tungepanda kunde, viazi. Hata wanawake tu tungetosha." Akaangalia mashamba. "Mbegu ningekusamehe. Mtu anaweza kukosea mbegu."

Nikambebea mzigo hadi stesheni. Tulitembea, mimi napiga bati, yeye nyuma. Treni ilipokuja akapanda kuelekea Ruaha, kwa kaka yake kwenye miwa, na mimi nikangoja ile ya kurudi Kilosa. Mwenyekiti na wazee niliwaambia baadaye, nilirudi kwa ajili hiyo tu. Walinisikiliza, wakaniaga kwa heshima, na hakuna aliyenisindikiza.

Mkuu wa ghala nilimwambia pia. Aliniacha kwenye kadi. Alisema sasa ndiyo nimejua. Nilizishika kadi zile miaka mingi, hadi sanduku lilipooza, na sikukosea tena, lakini kila zilipoanguka mezani nilikuwa nasikia zikianguka.

Tangu masika yaliyofuata, kila mwaka nilichagua mbegu za mapema, zile za kitundu cha saba, nikazitia kwenye mfuko mdogo wa kitambaa, nikaufunga kwa kamba nyekundu, nikampa gadi wa treni aupeleke Ruaha. Barua sikuandika. Ningeandika nini. Baada ya mavuno mfuko ulikuwa unarudi kwa gadi yule yule, mtupu, umefuliwa, umekunjwa mara nne, na kamba ndani yake. Barua haikuwamo. Nilikuwa naunusa, unanuka sabuni na moshi. Nautundika ukutani, naungoja mwaka ugeuke, najaza tena.

Ikawa hivyo miaka tisa. Mwaka wa kumi niliupeleka, mavuno yakapita, gadi akashuka mikono mitupu. Nilimuuliza, akasema alimpa mtu wa pale kama siku zote. Nilikwenda stesheni mwezi mzima, kila treni ya kutoka kule. Halafu nikashona mfuko mwingine, nikaujaza, lakini sikujua tena kama kule yupo wa kuupokea. Upo hapa ukutani juu ya meza ninayoandikia. Mbegu zilizomo haziwezi kuota tena, lakini sijazimwaga.